Bwana Mifugo wa Mhangala

Siku mliyoniaga pale wilayani nilipostaafu, binti aliyekabidhiwa pikipiki yangu aliniuliza Mhangala ni kijiji cha namna gani. Nilimjibu kwamba ni kijiji kizuri, ng'ombe wengi, barabara mbaya. Sikuweza kusema zaidi kwa sababu keki ilikuwa inakatwa na mgeni rasmi alikuwa na safari. Lakini tangu siku hiyo jibu lile limekuwa likinikera. Mtu hawezi kutumikia mahali tangu ujana wake mpaka mvi, halafu akapaeleza kwa maneno machache kuliko yale ya kwenye chupa ya dawa ya minyoo. Mambo ya vyeo na madaraja mtayakuta kwenye jalada langu, kama panya wamelibakiza. Hapa nitawaeleza kijiji.

Mimi nimezaliwa Tukuyu. Kwetu mto ni kitu unachokisikia kabla hujakiona. Lori lililonileta Mhangala lilisimama mbele ya uwanja mpana wa mchanga mweupe, dereva akasema, "Tumefika mtoni." Nikamuuliza maji yako wapi. Akanijibu kuwa yako chini, kisha akashuka kukagua matairi kama mtu aliyemaliza kujibu. Nikatazama vizuri, nikaona wanaume wamesimama ndani ya mashimo waliyoyachimba kwenye mchanga, mwingine kiunoni, mwingine amezama hadi kichwani, wakipokezana ndoo na kumimina kwenye mabirika ya magogo. Walikuwa wanaimba. Kila ukoo ulikuwa na kisima chake na wimbo wake, na ng'ombe walisimama mbali wakisubiri wimbo wa kwao ndipo waje kunywa. Nilidhani wamepanga kunifurahisha mimi mgeni. Baadaye nikajua kwamba hakuna aliyekuwa na habari nami.

Mwenyekiti wa kijiji alinipokea kwa mashaka. Barua aliyoletewa ilisema anakuja Bwana Mifugo, na mbele yake alisimama msichana mwenye sanduku la bati. Aliisoma tena barua, akaigeuza nyuma kuona kama kuna maelezo zaidi. Kwenye mkutano wa hadhara akalimaliza jambo kwa namna yake. Aliwaambia wananchi kwamba huyu ndiye Bwana Mifugo wao na kwamba ni mama. Jina likabaki hivyo. Nilipoolewa na mwalimu wa shule ya msingi ya hapo hapo, watoto wetu waliitwa watoto wa Bwana Mifugo, na mwalimu mwenyewe, nyuma ya mgongo wake, aliitwa Mama Mifugo. Alipogundua alicheka mpaka akakaa chini, na hiyo ni mojawapo ya sababu ninazoendelea kuishi naye.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Ndahani, mwenyeji wa Mhangala, aliyekuwa bwana mifugo kabla yangu na akastaafia nyumbani kwake. Mambo ya chuoni nilikuwa nayo. Yeye alinipa yale yanayokuja kabla na baada ya sindano. Alinizuia kuingia kwenye zizi la mtu kabla sijamsalimu kwa ukamilifu, yaani mbukwenyi, salamu ya Kigogo, kisha habari za watoto, habari za mashamba, na mwisho kabisa habari za ng'ombe, hata kama ng'ombe anakufa mbele ya macho yetu. Alinifundisha kusimama langoni asubuhi mifugo inapotoka, nimtazame yule anayetoka wa mwisho. Alinifundisha pia kufunga kipimajoto kwa uzi na kibanio cha nguo kwenye mkia. Somo hili alinipa baada ya kipimajoto changu cha kwanza kupotelea ndani ya ng'ombe wa katekista. Katekista aliniuliza kwa wiki nzima kama ng'ombe wake sasa anajijua ana joto kiasi gani.

Ndahani ndiye pia aliyenieleza historia ya kijiji, kwa jinsi alivyoijua. Ng'ambo ya mto kuna mahame, kuta za udongo za tembe za zamani zilizobaki kimo cha goti, na nyasi nzuri kuliko za upande wetu. Hakuna aliyechunga huko. Nilipomuuliza sababu, alisema wazee waliishi kule zamani, wakavukia huku kwa kufuata visima vya mchangani, kwa kuwa mto uliegemeza maji yake upande wetu. Baadaye, wakati wa vijiji vya ujamaa, watu wa milimani waliletwa wakajenga kwa mistari, ikaja shule, likaja kanisa, zahanati, na josho la kuogeshea ng'ombe ambalo yeye mwenyewe alilisimamia, watu wakibeba mawe kutoka mtoni. Kuhusu nyasi za ng'ambo alisema tu kwamba ni desturi. Nikaridhika.

Miaka ile ya mwanzo ilikuwa ya kupendeza. Siku ya josho ilikuwa kama sikukuu. Wanaume walishindana kwa mbwembwe za madume wao, na wanawake waliuza togwa kando. Nawaambia na nyinyi msiwasahau wanawake. Kwa muda mrefu hawakuwa na la kuniuliza, hadi nilipoleta dawa ya mdondo wa kuku, ile ya tone moja jichoni. Siku hiyo kina mama walikuja na kuku kwenye vikapu, kwenye vitenge, kwenye mabeseni. Kuku hakuwa na haja ya ruhusa ya mtu. Aliyechanjiwa kuku na kuku wake hakufa, siku nyingine alinisikiliza hata juu ya ng'ombe wa mume wake. Mmoja wa kina mama hao alikuwa Bibi Yudita, mke wa Mzee Sogodi. Nyumba yao ilikuwa ya mwisho karibu na mto, na zizi lao lilikuwa linatazama visima.

Sogodi alikuwa mtu mrefu, mwenye maneno machache. Alikuwa na jozi ya maksai walioongoza kijiji kwa kulima, na mkubwa wao aliitwa Kazimoto. Sogodi akishamaliza shamba lake alimpeleka Kazimoto kulimia wajane, bila kuombwa wala kutangaza. Watoto wa Mhangala walimjua maksai huyo kama walivyomjua mwalimu mkuu, na walimwogopa kidogo kuliko mwalimu mkuu.

Kisha ukaja mwaka wa njaa. Mvua ilikatika uwele ukiwa magotini. Kufika katikati ya kiangazi watu walikuwa wanakula mlenda bila ugali, na wengine wanachemsha mizizi. Mifugo nayo ilikuwa inang'ata nyasi mpaka kwenye udongo. Hapo, wenzangu, ndipo mnapotakiwa kukaa macho, kwa sababu vijidudu vya kimeta vinalala ardhini na ng'ombe anayelamba udongo anaviamsha. Nilikuwa nimeomba chanjo wilayani na nilikuwa naisubiri.

Asubuhi moja Lazaro, mdogo wake Sogodi, alikuja nyumbani anatabasamu. Nilikuwa sijaona mtu anatabasamu kwa siku nyingi. Alikuja kuniita nikachukue fungu langu la nyama. Kazimoto ameangukia malishoni chini ya kilima, alisema, na watu wanakusanyika. Nikamuuliza alikuwa anaumwa nini. Haumwi, jana alikunywa vizuri, leo ametoka zizini na wenzake, akaanguka tu. Nikamuuliza kama ametoka damu puani. Lazaro akafikiri, akasema kidogo, nyeusi. Nikachukua mkoba wangu, nikamwomba mume wangu akamwite Ndahani, nikaenda mbio.

Nilikuta nusu ya kijiji. Walikuja na visu, mabeseni na majani ya kutandika, na moto ulikuwa umeshawashwa. Kazimoto amevimba tumbo, damu nyeusi isiyoganda inamtoka puani na nyuma, na nilipoinua mguu wake kwa kijiti ulikunjika kama wa mnyama aliye hai. Sikuhitaji kipimo kingine. Lazaro alikuwa ameanza kumchuna paja kabla hajaja kuniita. Nikamwambia aache, nikawaomba watu warudi nyuma, nikawaeleza kwamba hiki ni kimeta, kwamba kupika hakusaidii, kwamba hata kumfungua tu ni kuutawanya ugonjwa. Nilieleza vizuri. Nilikuwa nimeufaulu mtihani wa kimeta. Watu walinisikiliza kwa adabu na hakuna aliyerudi nyuma.

Sogodi ndiye aliyenijibu, kwa sauti ya chini.

"Mwanangu, watoto wa nyumba yangu jana walilala na maji ya moto yenye chumvi. Kwako unga upo. Utatuambia sisi tusile?"

"Unga upo, Baba," nilisema. "Nitauleta wote. Lakini nyama hii msile."

"Unga wako utawatosha hawa?"

Sote wawili tuliwatazama watu. Hakuwa ananidhihaki. Alikuwa anauliza.

Ndahani alifika anahema, akasema aliyoyaona katika utumishi wake. Mtu mmoja akamwambia kwa heshima kwamba yeye ni mzee, watoto wake wamekwisha kuwa wakubwa, hawezi kujua. Wanaume wawili wakasogea wakamshika Kazimoto miguu wamgeuze. Nilisimama kati yao na mnyama, nikajua kwamba wakinisukuma nitaanguka, na hawatakuwa wamenichukia hata kidogo.

Wakati huo Bibi Yudita akatokea njia ya mtoni amejitwika chungu chake kikubwa kuliko vyote, kile cha kupikia harusini. Watu wakampisha, wakijua kimekuja cha kupikia. Alipofika kwenye kichwa cha Kazimoto alikishusha, akakifudikiza, akakikalia. Kisha akaanza kusema kwa Kigogo, taratibu, kama anayeongea na mtu mmoja.

Aliuliza kama wanajua kwa nini hawachungi ng'ambo. Mtu akasema ni desturi. Akasema si desturi. Mama yake alizaliwa kule, kwenye yale mahame. Ulikuwa mwaka kama huu, watu wamekonda, na dume moja likakutwa limekufa malishoni, limenona vile vile. Wakalila, wakacheza ngoma mpaka wakachoka. Mama yake, akiwa msichana mdogo, alikuwa amepelekwa kwa bibi yake milimani, hakula. Aliporudi alikuta waliokula wanazikwa na wengine waliokula, mpaka waliobaki wakawa hawana nguvu za kuchimba. Hao waliobaki ndio waliovuka mto.

"Wakakubaliana kusema wamefuata maji," Yudita alisema, "kwa sababu nani angeoa binti wa mahali kama pale? Mama yangu alinikataza kusema, na mimi sikusema, hata kwa mume wangu huyu. Leo nimesema. Anayetaka kupika atafute chungu chake. Watoto wangu hawali."

Sogodi alikuwa anamtazama mke wake kama mtu anayesalimiwa na mgeni. Halafu akamwendea Lazaro, akachukua kisu mkononi mwake, akakitupa karibu na mzoga.

"Chimbeni," alisema.

Wakachimba. Sijaona kazi nzito kama ile. Ardhi ya kiangazi ilikuwa ngumu kama sakafu, na wachimbaji walikuwa hawajala. Walipokezana majembe kila baada ya muda mfupi, na waliochoka walikwenda kuleta magogo ya migunga. Tulimchoma Kazimoto pale pale alipoangukia, pamoja na kisu, na majani, na udongo uliopata damu, kisha tukafukia shimo na kulizungushia miiba. Mume wangu alileta unga wetu, Ndahani akachinja mbuzi wake, na Yudita akakiinua chungu chake akapika uji kwa ajili ya watoto na wachimbaji. Ulikuwa mwepesi kiasi kwamba ungeweza kuona chini ya kikombe. Alipomletea Sogodi uji wake, Sogodi alikuwa amekaa peke yake, amelipa shimo mgongo. Alilia kwa ajili ya maksai yule, na hakuna aliyemshangaa.

Baada ya siku chache Lazaro alinionyesha kidonda kwenye mkono, cheusi katikati kama kaa, kisichouma. Nilimpeleka zahanati siku hiyo hiyo, nesi akamchoma penisilini mpaka akachoka kukalia, akapona. Kovu lilibaki. Chanjo ilipofika, Lazaro alizunguka nami boma kwa boma akiwakunjia watu mkono wa shati. Kovu lile limechanja ng'ombe wengi kuliko sindano zangu. Chakula cha msaada kilikuja baadaye, na mvua baada yake, na tangu mwaka ule sikuwahi kumbembeleza mtu wa Mhangala kuchanja. Kwenye mahame, Yudita na wanawake wenzake walivuka wakapanda minyaa kuzunguka mahali ambapo mama yake alimwonyesha zamani kwamba pana makaburi. Nami nilipanda minyaa kwenye shimo la Kazimoto. Ipo mpaka leo, imenenepa. Binti yangu wa pikipiki, usiruhusu mtu achimbe hapo, hata mtu wa mradi akija na ramani nzuri.

Mambo ya miaka iliyofuata nitayapita haraka, kwa kuwa mingi ilikuwa ya kupe na minyoo. Ndahani alifariki uzeeni. Siku za mwisho nilikaa naye, na alichoniuliza ni kama nimeshamrudishia katekista kipimajoto. Tulimzika wakati ng'ombe wa kijiji kizima wanarudi malishoni, na vumbi lao likatufunika waombolezaji wote, jambo ambalo naamini angelipanga mwenyewe kama angeweza.

Mto nao ukaanza kupanuka. Huko juu watu walikata miti, na huku kwetu njia za ng'ombe za kushukia visimani zikawa makorongo. Nililisema hilo kwenye kila mkutano, tukapanda matete kwenye kingo. Mto ukayala matete. Kila masika ulikuwa unamega kipande: bustani ya mtu, choo cha shule, msingi wa kanisa. Kisha ukaja mwaka ambao mvua ilinyesha sana huko unakotoka, kwetu jua likiwaka, na maji yakashuka mchana ya rangi ya chai ya maziwa, yamebeba miti mizima. Nilisimama na Lazaro tukatazama josho linapasuka katikati. Nusu moja iliinama polepole, ikazama na dawa yake yote. Lazaro alisema kupe wa mpaka Mtera watapata shida leo.

Hakufa mtu. Watu walikuwa na nafasi ya kutoa milango, boriti na kuku wao. Lakini mstari mzima wa nyumba uliondoka, ya Sogodi na Yudita ikiwa ya kwanza. Sogodi alikuwa mgonjwa wakati huo. Tulimpandisha kilimani kwa kitanda, na hakuishi kuona nyumba mpya.

Mkutano wa kijiji uliamua wote wapande kwenye mteremko, na viwanja vigawiwe ukoo kwa ukoo. Nilikuwepo ili kuonyesha mahali pa kuacha kwa ajili ya minyaa ya Kazimoto na njia ya mifugo. Walipofika kwa watu wa Sogodi, Yudita aliyekuwa amekaa chini kwenye kanga akasema kiwanja kinachopakana na cha kwake kiandikwe Bwana Mifugo. Nikasimama, nikashukuru, nikasema mimi ni mtumishi, naweza kuhamishwa wakati wowote, na kiwanja wapewe wenye kijiji.

"Ulikaa njaa na sisi, ukazika na sisi," alisema Yudita. "Unataka tukuulize nini tena? Mwandike."

Mwenyekiti akaandika. Mimi nikakaa, nikajifanya nimeingiwa na vumbi machoni.

Nilikiacha kiwanja kile bila kujenga kwa miaka mingi. Wanangu walijenga mjini Ihumwa, wakatutengea mimi na baba yao chumba chenye feni na bomba la maji ndani, na nilipostaafu tulikwenda huko. Ni wema sana. Majirani ni watu wa kila mkoa, wanatoka asubuhi na magari yao, wanarudi na magari yao. Nikawa nashinda barazani nikisubiri mtu wa kumsalimia kwa ukamilifu. Mume wangu alinitazama hivyo kwa muda, kisha akaniuliza kama matofali ya Mhangala bado ni bei ya zamani. Sasa tuna nyumba ya vyumba vitatu kwenye mteremko, ng'ombe wawili wa maziwa na kuku ambao hawajawahi kuugua mdondo.

Juzi mto ulishuka umefurika kwa mara ya kwanza tangu tuhamie. Watu wote walitoka kutazama. Bibi Yudita macho yake hayaoni tena. Nilimshika mkono nikamkalisha ukingoni mwa ua wetu, upande unaotazama bonde, na akaniambia nimwambie umefika wapi. Nikamwambia umejaza mchanga wote wa visimani. Umepita palipokuwa na josho. Sasa unaingia palipokuwa na nyumba yenu, umefika zizini.

Aligeuza uso kwenye sauti ya maji. Nilidhani amehuzunika, nikataka kusema kitu, lakini alikuwa anatabasamu.

"Uache upite," alisema. "Tulikaa vizuri pale."